Tiba asilia na tiba mbadala za mbalanga

Mbalanga (pia barasi) ni ugonjwa sugu wa ngozi unaotokea pale kinga ya mwili inapozishambulia seli zinazotengeneza melanini, yaani rangi ya ngozi na nywele. Mabaka meupe hujitokeza usoni, mikononi, miguuni au popote mwilini. Inakadiriwa kuwa asilimia 0.5 hadi 2 ya watu duniani wanao. Hauambukizi. Tangu kale umechanganywa na ukoma, ingawa baka la ukoma hufa ganzi na la mbalanga hubaki na hisia zote. Unyanyapaa uliotokana na mkanganyiko huo umewafanya wagonjwa wengi watafute dawa kwa kila njia.

Mbegu na jua

Tiba ya asili iliyozaa matunda makubwa zaidi huunganisha mmea wenye psoraleni na mwanga wa jua. Nchini India, waganga wa Ayurveda hutumia mbegu za babchi (Psoralea corylifolia): husagwa, zikapakwa au kumezwa, kisha mgonjwa akaota jua. Afrika Kaskazini ilitumika mbegu ya Ammi majus, mmea unaoota kwa wingi katika bonde la Nile. Ibn al-Baytar, mtaalamu wa mimea kutoka Andalusia aliyefariki Damasko mwaka 1248, aliandika habari za dawa hiyo.

Katika miaka ya 1940 wanakemia wa Misri walitenga methoksaleni kutoka mbegu hizo, na daktari El Mofty wa Kairo akaitumia kwa wagonjwa wake. Kazi hiyo ndiyo iliyofungua njia ya PUVA, tiba ya hospitali ya psoraleni na miali ya urujuanimno A iliyoenea miaka ya 1970.

Psoraleni haipaki ngozi rangi. Huifanya iathiriwe zaidi na mwanga. Rangi inaporudi huanza kwa vidoa vya kahawia kuzunguka vinyweleo, kwa kuwa akiba ya seli za rangi imo kwenye mashina ya nywele. Vidoa hupanuka mpaka vikaungana. Ndiyo maana uso na shingo huitikia tiba kuliko ncha za vidole na midomo, na baka lenye malaika meupe husumbua zaidi.

Tiba nyingine

Majaribio madogo ya majani ya Ginkgo biloba yameonyesha kuwa huenda yakapunguza kasi ya kuenea kwa mabaka, lakini ushahidi bado ni haba. Kuba ilitengeneza melajenina, dawa ya kupaka itokanayo na kondo la nyuma. Mafanikio yaliyotangazwa huko hayajathibitishwa vya kutosha kwingineko. Katika Bara Hindi na nchi za Kiarabu wapo wanaoamini kuwa kula samaki pamoja na maziwa huleta mbalanga. Imani hiyo haina msingi wa kisayansi.

Hatari

Kipimo cha psoraleni katika mbegu hakitabiriki. Ikizidi, jua huunguza ngozi, na ngozi iliyoumia yaweza kuota baka jipya mahali pale pale. Ndimu nayo ina kemikali za jamii hiyo: aliyejipaka maji yake kisha akakaa juani anaweza kutoka malengelenge kesho yake au keshokutwa. Babchi ya kumeza imehusishwa na madhara ya ini.

Hali ya sasa

Hospitalini, PUVA kwa kiasi kikubwa imeachia nafasi miali ya urujuanimno B ya wigo mwembamba, isiyohitaji kumeza psoraleni. Hutumika pia krimu za steroidi na takrolimasi, na mwaka 2022 Marekani iliidhinisha krimu ya ruksolitinibu. Nchini Tanzania, waganga husimamiwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala chini ya sheria ya mwaka 2002, na madaktari bingwa wa ngozi hufundishwa Moshi. Hakuna dawa, ya mitishamba wala ya hospitali, inayoondoa mbalanga moja kwa moja. Mgonjwa anayetumia mitishamba amweleze daktari wake kabla ya kuanza tiba ya mwanga.