Manga ya Nyamira, Manga ya Japani, na Ukuta Ambao Hakuna Anayeuchora

Wasee, kuna Manga mbili, na sisi wa Nyakoe tunazijua zote. Moja ni ule mlima wenye ukingo wa mwamba hapo upande wa Nyamira. Nyingine ni ile ya Japani, inayokukesha kwa simu mpaka bando iishe. Leo nataka kuziunganisha, lakini lazima tupitie Misri kwanza.

Angalia vile Misri imejaa kwa hizi hadithi. Yu-Gi-Oh! ya Kazuki Takahashi ilianza 1996, na ndani kuna roho ya farao, mabamba ya mawe, na miungu ya Misri imegeuzwa kadi. JoJo's Bizarre Adventure sehemu ya tatu, Jotaro na wenzake wanatoka Japani kumfuata Dio hadi Cairo. Njiani wanapita Edfu, Kom Ombo na Luxor, miji yenye mahekalu ambayo hata leo unaweza kwenda kuyagusa. Alabasta ya One Piece nayo? Jangwa, mto, makaburi ya wafalme chini ya ardhi na jiwe lenye maandishi ya kale. Si unaona ni Misri imebadilishwa jina tu?

Na kabla ya hao wote kulikuwa na mama mmoja, Chieko Hosokawa. Mwaka 1976 alianza kuchora manga ya msichana Mmarekani anayesomea mambo ya kale Cairo, halafu anavutwa nyuma maelfu ya miaka hadi kwa farao kijana.

Sasa jiulize: Japani na Misri ziko mbali sana. Hao wachoraji walijulia wapi?

Miaka ya sitini Misri ilikuwa inajenga bwawa kubwa la Aswan, na maji yangemeza mahekalu ya Nubia. UNESCO ikaomba dunia isaidie. Hekalu la Abu Simbel likakatwa vipande, likapandishwa juu zaidi ya mita 60, kazi iliyofanywa kati ya 1964 na 1968. Kipindi hicho hicho hazina za Tutankhamun zilikuwa zinatembezwa nchi za nje. Mwaka 1965 zikafika Japani, na karibu watu milioni 3 wakaenda kuziona. Milioni 3! Sisemi Hosokawa alikuwa kwa hiyo foleni, sijui mambo yake. Nasema kizazi kizima cha Japani kilikua kikijua uso wa Tutankhamun unakaa aje, na mtu huchora kile macho yake yamezoea.

Kwa hivyo ukiniambia Misri iko kwa anime juu piramidi ni kubwa, nitakubali nusu. Ile ya Khufu ilikuwa na mita 146 ikiwa mpya, sawa. Lakini ukubwa na ukongwe peke yake havichori kitu. Mtu alipima, mtu akapiga picha, mtu akasafirisha, mtoto akaona, ndipo kalamu ikashikwa.

Turudi nyumbani. Kaunti ya Migori, siyo mbali na hapa kwetu, kuna Thimlich Ohinga. Kwa Dholuo, thim lich ni msitu mnene wa kutisha, na ohinga ni boma la mawe. Hebu sema hilo jina polepole. Hiyo tayari ni jina la anime, hata hauhitaji kuongeza kitu.

Ni kuta za mawe makavu. Hakuna simiti, hakuna udongo wa kushikanisha, ni jiwe limekaliana na jiwe, na wataalamu wanasema zilianza kujengwa karibu karne ya 16. Urefu ni kati ya mita 1.5 na 4.5. Milango imefanywa midogo makusudi, adui akiingia lazima ainame, na ukishainama mbele ya mtu ameshika rungu, mchezo umeisha. Boma kubwa linaitwa Kochieng. Kuna mahali pa kufulia chuma. Kuna hata mashimo ya bao, yaani ajua, yamechongwa kwa mwamba. Yu-Gi-Oh! nzima ni mchezo wa zamani uliofichwa ndani ya jiwe, na sisi tuko na mchezo ndani ya jiwe!

Mashabiki wa Attack on Titan mtaniambia kuta za kule ni mita 50. Poa. Lakini ile hadithi haikuwahi kuwa ya mita. Ni ya watu wanaoishi ndani wakiogopa kilicho nje. Thimlich ilijengwa kwa woga huo huo: wavamizi, wezi wa ng'ombe, wanyama. Na waliokaa pale hawakuwa kabila moja. Watu wa lugha tofauti walipokezana, mmoja akitoka mwingine anaingia na kukarabati ukuta uleule. Ukisikia vile Mkisii na Mjaluo wanavyotupiana maneno wakati wa siasa, hiyo peke yake inatosha misimu mitatu.

Dunia iliitambua 2018, UNESCO ikaiweka kwa orodha ya urithi wa dunia. Lakini hiyo ni karatasi. Maboma mengine ya aina hii hapa kwetu yanabomoka, mizizi inasukuma mawe, na ukuta bila simiti ukishaanguka, kujua kila jiwe lilikaa wapi ni kazi.

Na usiniambie hatuna wachoraji. Tabaka wanachonga mawe ya Kisii yanauzwa dunia nzima. Kila darasa lilikuwa na yule jamaa wa kuchora Goku nyuma ya kitabu cha hesabu. Niliacha chuo, sikuacha kusoma, na vile ninavyoisoma hii historia, tukingoja Mjapani aje kutuchorea Thimlich, tutangoja sana.

Kwa hivyo wewe mwenye penseli: panda gari uende, lipa kiingilio, inama kwa ule mlango, piga picha kila pembe. Halafu chora ukurasa mmoja tu. Unitumie, nitauweka hapa na jina lako juu.