Njia ya Mkato ya Damu

Mwaka 1628 Mwingereza William Harvey alithibitisha kuwa damu huzunguka: hutoka moyoni kwa ateri na kurudi kwa vena. Mahali mishipa hiyo inapokutana hakupaona. Ni Marcello Malpighi aliyepaona mwaka 1661, katika mapafu ya chura chini ya hadubini: vijishipa vyembamba mno ambamo damu hupita polepole.

Hatari ya kuviruka vijishipa hivyo ilifichuliwa na matibabu yenyewe. Katika karne ya 18, waganga wa Ulaya walitibu homa nyingi kwa kumtoa mgonjwa damu kwenye mkunjo wa kiwiko. Mara nyingine kisu kilipitiliza vena kikatoboa na ateri, na mishipa hiyo miwili ikapona ikiwa imeungana. Mwaka 1757 daktari William Hunter, jijini London, alieleza matokeo yake: vena iliyotanuka, inayotetema chini ya kidole na kuvuma sikioni.

Katika karne ya 19 desturi hiyo ya kutoa damu ilififia, lakini majeraha ya risasi yakaendelea kuunganisha mishipa. Madaktari wawili, Nicoladoni mwaka 1875, kisha Branham mwaka 1890, waligundua kuwa muungano huo ukibanwa, mapigo ya moyo hupungua papo hapo. Jeraha la mkono au paja, kumbe, lilikuwa likiutumikisha moyo. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Mmarekani Emile Holman alilichunguza suala hilo kwa mbwa na kulitungia kitabu mwaka 1937. Damu inayokatiza hurudi moyoni bila kuulisha mwili; figo huzuia chumvi na maji; moyo husukuma zaidi, hutanuka, na mwisho hulemewa.

Katikati ya miaka ya 1960 jeraha likageuzwa tiba. Huko Bronx, New York, madaktari Brescia, Cimino na wenzao waliunganisha kwa makusudi ateri na vena karibu na kifundo cha mkono, ili wagonjwa wa figo wapate mshipa mpana wa kuchomwa sindano za mashine ya kusafisha damu.

Leo muungano huo, uitwao fistula (si ile ya uzazi), huwaweka hai wagonjwa wengi, wakiwemo wa Dar es Salaam na Nairobi. Wengi moyo wao huhimili. Wachache huvimba miguu na kuishiwa pumzi. Hapo daktari huibana fistula kwa kidole na kuhesabu mapigo, kama Branham. Yakishuka, hujua mzigo umetoka wapi. Kilichobaki ni kupima kama njia hiyo ya mkato ipunguzwe upana au ifungwe kabisa, na damu isafishwe kwa njia nyingine.