Nani alimbeba nani? Russell, Chamberlain na hesabu ya pete

Tarehe 2 Machi 1962, katika mji mdogo wa Hershey, Pennsylvania, Wilt Chamberlain alifunga pointi 100 katika mechi moja. Timu yake, Philadelphia Warriors, iliifunga New York Knicks 169 kwa 147. Hadi leo hakuna mchezaji wa NBA aliyefika hapo. Msimu ule mzima alimaliza akiwa na wastani wa pointi 50.4 kwa mechi, na ribaundi 25.7, yaani mipira iliyokosa kikapu akaidaka yeye.

Sasa kaa vizuri. Tuzo ya MVP, ile ya mchezaji mwenye thamani kubwa kuliko wote, hakupewa Wilt. Miaka hiyo waliopiga kura walikuwa wachezaji wenyewe, na walimchagua Bill Russell wa Boston Celtics, aliyekuwa na wastani wa pointi 18.9.

Je, walikosea?

Kama umewahi kukaa na watu wanaofuatilia NBA, unajua ubishi huu hauishi. Mmoja atasema Russell ana pete 11 katika misimu 13 na Wilt ana 2, kesi imefungwa. Mwingine atajibu kwamba Russell alibebwa na timu, na kwamba ukimpa Wilt wale wenzake mambo yangegeuka. Badilisha majina uweke Jordan na LeBron, maneno ni yaleyale. Ninachotaka tufanye leo ni kuuchukulia ubishi huu kama swali la utafiti: mafanikio ni ya kundi zima, sisi tunataka kumpa sifa mtu mmoja. Tunajuaje sehemu yake ni ipi?

Pete inapima nini?

Tuanze na kipimo kinachopendwa zaidi. Pete ni ya ubingwa, na ubingwa unachukuliwa na timu. Hilo kila mtu analijua. Kinachosahaulika ni kwamba uzito wa pete unategemea pia ukubwa wa ligi. Russell alipoanza mwaka 1956 NBA ilikuwa na timu 8. Alipostaafu mwaka 1969 zilikuwa 14. Leo ziko 30. Kama bingwa angepatikana kwa kura ya kuokota karatasi, mwaka 1957 kila timu ingekuwa na nafasi 1 kati ya 8, na leo 1 kati ya 30.

Lakini usikimbilie kuzipunguza pete za Russell. Ligi yenye timu 8 ina wachezaji wachache, kwa hiyo wazuri hawasambai. Unakutana nao mara kwa mara, na mmoja wao alikuwa Wilt mwenyewe. Kwa hiyo pete ni ushahidi, ila ni ushahidi unaohitaji kusomwa pamoja na mambo mengine.

"Alikuwa na mastaa"

Hoja ya pili: Celtics walijaa majina makubwa. Bob Cousy, Bill Sharman, Tom Heinsohn, Sam Jones, K.C. Jones, Frank Ramsey, John Havlicek. Wote wako kwenye Jumba la Heshima la mpira wa kikapu kule Springfield, Massachusetts. Mtu mwenye wenzake saba wa namna hiyo atashindwaje?

Hapa kuna mtego. Chukua K.C. Jones. Katika misimu yake 9 alikuwa na wastani wa pointi 7.4 kwa mechi. Aliingia kwenye Jumba la Heshima mwaka 1989, akiwa na pete 8 za uchezaji. Alikuwa mlinzi hodari kweli, lakini jiulize: kama angecheza misimu hiyohiyo kwenye timu inayoshika mkia, leo tungemtaja? Yaani tunasema Russell alishinda kwa sababu wenzake walikuwa magwiji, huku baadhi yao tunawaita magwiji kwa sababu walishinda na Russell. Hoja inazunguka kama mbwa anayefukuza mkia wake. Huwezi kutumia matokeo kupima chanzo, halafu ukatumia chanzo hichohicho kueleza matokeo.

Tena hoja hii haifanyi kazi upande wa pili. Mwaka 1969 Wilt alikuwa Los Angeles Lakers pamoja na Jerry West na Elgin Baylor, wawili kati ya wafungaji wakubwa wa enzi hizo. Celtics walikuwa wamezeeka, wamemaliza wa nne Mashariki, na Russell alikuwa na miaka 35, mchezaji na kocha kwa wakati mmoja. Fainali ilikwenda hadi mechi ya saba, ikachezwa nyumbani kwa Lakers. Celtics walishinda 108 kwa 106. Majina makubwa safari hii yalikuwa upande wa Wilt.

Majaribio ambayo historia imetufanyia

Maabara tungeweza kufanya hivi: weka mchezaji mmoja palepale, badilisha wenzake, tazama kinachotokea. Halafu mwondoe yeye, waache wenzake. Binadamu hatuwafanyii hivyo, lakini wakati mwingine mambo yanajipanga yenyewe. Wanasayansi wa jamii huita hali hiyo jaribio la asili.

Kwa Russell tunalo, tena la miaka 13. Kabla hajafika, Celtics walikuwa na Cousy na Sharman, timu nzuri ya kufunga, lakini hawakuwahi kufika fainali. Russell alijiunga Desemba 1956, baada ya Olimpiki ya Melbourne, na Aprili 1957 wakachukua ubingwa wao wa kwanza. Mwaka 1958 aliumia kifundo cha mguu katikati ya fainali, wakapoteza. Kisha wakachukua nane mfululizo, 1959 hadi 1966. Ndani ya muda huo Sharman aliondoka 1961, Cousy 1963, Ramsey 1964, Heinsohn 1965. Ubingwa haukuondoka nao. Mchezaji aliyekuwepo kwenye zote 11 ni mmoja tu.

Halafu akastaafu. Msimu wake wa mwisho Celtics walishinda mechi 48 na kupoteza 34. Msimu uliofuata walishinda 34 na kupoteza 48. Namba zilegeuka kama nguo iliyovaliwa ndani nje.

Jaribio safi? Hapana. Heinsohn naye aliingia msimu uleule wa 1956, na Sam Jones alistaafu pamoja na Russell mwaka 1969. Jambo zaidi ya moja lilibadilika kwa mpigo. Lakini ushahidi unaoelekea upande mmoja mwaka 1957, 1958, 1961, 1963, 1965 na 1969 si wa kupuuzwa.

Wenzake walewale, kazi tofauti

Jaribio ninalolipenda zaidi ni la Wilt. Msimu wa 1962/63, Warriors wakiwa wamehamia San Francisco, alikuwa na wastani wa pointi 44.8, na timu ikashinda mechi 31 tu kati ya 80. Mtu anafunga pointi 44 kila usiku na timu inabaki nje ya mtoano!

Mwaka 1966 alikuwa Philadelphia 76ers, pamoja na Hal Greer, Chet Walker, Luke Jackson na kijana Billy Cunningham. Wilt alikuwa na wastani wa pointi 33.5. Wakatolewa na Celtics mechi 4 kwa 1. Msimu uliofuata wale wanne walikuwepo bado. Kilichobadilika hasa ni kocha, Alex Hannum, na kazi aliyompa Wilt: arushe mara chache, agawe mipira, azuie. Pointi zake zikashuka hadi 24.1. Asisti, yaani pasi zinazozaa kikapu, zikapanda hadi 7.8 kwa mechi, namba kubwa sana kwa mtu wa chini ya ringi. Timu ilishinda mechi 68 na kupoteza 13, ikawatoa Celtics kwa 4 kwa 1 ileile, ikachukua ubingwa wa 1967.

Tazama vizuri. Anayesema "Wilt alikosa wenzake" hana jibu hapa, maana kiini cha timu kilikuwa kilekile. Na anayesema "Wilt hakuwa mshindi" hana jibu pia, maana mtu ni yuleyule. Kilichobadilika ni uhusiano kati yao. Ubora wa wenzako hauji ukiwa umefungwa kwenye boksi. Kwa sehemu fulani, wewe ndiye unayeutengeneza.

Ukimwondoa Jordan, ukimwondoa LeBron

Twende karibu na zama zetu. Oktoba 1993 Michael Jordan alistaafu kwa mara ya kwanza. Chicago Bulls walikuwa wameshinda mechi 57; bila yeye wakashinda 55. Wabishi wakashangilia: umeona, timu ilikuwa nzuri tu! Mwaka 2010 LeBron James aliondoka Cleveland. Timu ikatoka mechi 61 hadi 19, ikipoteza 26 mfululizo. Wabishi wakashangilia tena: umeona, aliwabeba peke yake!

Polepole. Bulls kiangazi kile waliwapata Toni Kukoč na Steve Kerr, na Scottie Pippen akacheza msimu wa maisha yake. Na ushindi unaficha mengi: msimu wa mwisho kabla Jordan hajaondoka, Bulls waliwazidi wapinzani kwa wastani wa pointi 6 hivi kwa mechi, bila yeye, pointi 3 hivi. Tofauti ilipungua nusu, ila mechi nyingi za karibu ziliangukia upande wao. Cleveland nao hawakupoteza LeBron peke yake. Kocha alibadilishwa, Shaquille O'Neal na Zydrunas Ilgauskas waliondoka, Anderson Varejão akaumia.

Sasa mfuate LeBron alikokwenda. Miami walitoka ushindi 47 hadi 58, tena wakiwa wamempata na Chris Bosh. Mtu mmoja, mwaka mmoja: ukimtoa hapa zinapungua mechi 42, ukimweka pale zinaongezeka 11. Kama thamani yake ingekuwa namba moja anayotembea nayo mfukoni, hesabu hizi zisingepishana hivi. Miami tayari walikuwa na Dwyane Wade, na mpira uwanjani ni mmoja. Chumvi ya pili kwenye mchuzi haifanyi kazi kama ya kwanza.

Kisichohesabiwa

Turudi kwenye kura ya 1962. NBA ilianza kuandika rasmi mitupo inayozuiwa katika msimu wa 1973/74. Dikembe Mutombo, mzaliwa wa Kinshasa aliyekuwa akitikisa kidole baada ya kuzuia, ana 3,289 kwenye vitabu. Russell na Wilt, wazuiaji wawili waliotisha kuliko wote wa zama zao, hawana hata mmoja, kwa sababu walikuwa wameshastaafu. Kazi kubwa ya Russell ilikuwa hiyo: kuzuia, tena kuzuia kwa namna ambayo mpira unabaki uwanjani na kumfikia mwenzake akimbie nao. Karatasi ya takwimu ilikuwa na nafasi ya pointi 50 za Wilt. Kwa kazi ya Russell haikuwa na safu.

Waliopiga kura hawakuhitaji karatasi. Walikuwa uwanjani, mpira unarudishwa usoni kwao. Kwa hiyo jibu langu ni kwamba hawakukosea. Wilt alifanya jambo kubwa zaidi ambalo mtu mmoja anaweza kulifanya. Russell alifanya watu watano wawe wagumu kufungwa. Walijua ni lipi linalowanyima usingizi.

Nimalizie na jina linalotugusa Watanzania. Mwaka 2009 Hasheem Thabeet, Mtanzania wa kwanza kucheza NBA, alichaguliwa wa pili na Memphis Grizzlies. James Harden alikuwa wa tatu, Stephen Curry wa saba. Tangu hapo jina la Thabeet limetumika kama mzaha. Lakini Memphis tayari walikuwa na Marc Gasol katika nafasi ileile, na kiangazi hicho wakamchukua Zach Randolph. Dakika zilikuwa za kugombania. Curry alipewa mpira, akapewa muda, kisha wakaja Klay Thompson na Draymond Green, na ubingwa ukafika 2015. Sisemi wangebadilishana timu Thabeet angekuwa Curry. Nasema wale wanaomcheka wanasoma karatasi yenye safu moja tu.

Ukikutana na ubishi huu tena, usianze na "nani ana pete ngapi". Uliza: alikuwa na nani, alipewa kazi gani, na nini kilitokea mmoja wao alipoondoka? Ubishi hautaisha, ila angalau mtakuwa mnabishania kitu kimoja.