Viwanja 20,000: Huduma Zilivyofuata Makazi Kigamboni

Mwaka 2002 Serikali ilianzisha mradi wa kupima viwanja 20,000 pembezoni mwa Dar es Salaam ili kupunguza ujenzi holela. Miongoni mwa maeneo yaliyopimwa ni Kibada, Kigamboni, ng'ambo ya mkondo wa bahari.

Viwanja vilipatikana mapema kuliko usafiri. Kwa miaka mingi mkazi aliyefanya kazi katikati ya jiji alipanda daladala hadi Feri, akasubiri pantoni, kisha akatafuta gari jingine upande wa pili. Pantoni ilipopata hitilafu, njia iliyobaki ilikuwa kuzunguka kwa kupitia Kongowe na Mbagala, mwendo usiomfaa mwenye mgonjwa.

Daraja la Nyerere, lenye urefu wa mita 680, lilifunguliwa mwaka 2016, likiunganisha Kurasini na Kigamboni kwa tozo. Safari ilifupika, nyumba zikaongezeka, na mahitaji ya maji yakayatangulia mabomba. Kaya nyingi ziliendelea kutegemea visima binafsi hadi mradi wa visima virefu vya Kisarawe II ulipozinduliwa mwaka 2022.

Mitaa iliyo mbali na lami bado hutegemea bodaboda na bajaji, na nauli yake hulipwa juu ya ile ya daladala.