Fikra za Kimaksi katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam

Fikra za Kimaksi katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni mkondo wa nadharia na utafiti uliokua nchini Tanzania tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wasomi wa mkondo huu walichunguza jinsi ubepari ulivyoingia Afrika Mashariki, matabaka yaliyotokana nao, na nani aliyenufaika na jasho la wakulima na wafanyakazi. Hawakuwa na msimamo mmoja. Swali mojawapo lililowagawa ni kama mkulima mdogo, mwenye jembe lake na shamba lake, yumo ndani ya ubepari au yuko nje yake.

Historia

Chuo kilianzishwa mwaka 1961 na kuwa chuo kikuu kamili mwaka 1970. Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, na Rais Julius Nyerere akawafukuza karibu 400. Azimio la Arusha lilitangazwa Februari 1967, na mjadala juu ya ujamaa ukapamba moto chuoni.

Mwaka huohuo kiliundwa chama cha wanafunzi wanamapinduzi kilichojulikana kwa kifupi kama USARF. Mwenyekiti wake alikuwa Yoweri Museveni, ambaye baadaye akawa rais wa Uganda. Kuanzia mwaka 1969 wanafunzi walitoa jarida la Cheche, lililopewa jina kwa kufuata gazeti la Lenin, Iskra. Mwaka 1970 jarida hilo lilichapisha makala ndefu ya Issa Shivji kuhusu mapambano ya kitabaka yanayoendelea kimyakimya nchini. Kabla mwaka haujaisha, chama na jarida vyote vilipigwa marufuku. Nafasi ya Cheche ilichukuliwa na jarida la MajiMaji, lililokuwa chini ya Umoja wa Vijana wa TANU.

Hoja kuu

Walter Rodney (1942–1980), mwanahistoria kutoka Guyana aliyefundisha Dar es Salaam kwa vipindi viwili, alichapisha kitabu "How Europe Underdeveloped Africa" mwaka 1972. Alieleza kuwa utajiri wa Ulaya na umaskini wa Afrika ni matokeo ya historia moja: biashara ya watumwa, biashara isiyo na usawa na ukoloni vilihamisha mali ya Afrika na kuvunja uwezo wake wa kujiendeleza.

Shivji aliangalia zaidi ndani ya nchi. Katika "Class Struggles in Tanzania" (1976) alidai kuwa utaifishaji haukuondoa unyonyaji. Viongozi wa serikali na wa mashirika ya umma walikuwa wamegeuka tabaka jipya, yaani mabwanyenye warasimu, ambao hawakumiliki viwanda kwa majina yao lakini waliamua jinsi ziada itokanayo na kazi za wengine itakavyotumika. Alitoa mfano wa migomo ya wafanyakazi iliyofuata Mwongozo wa TANU wa 1971.

Dan Nabudere, mwanasheria kutoka Uganda, alipinga mtazamo huo. Kwake, mtaji wa fedha wa kibeberu ndio uliotawala uchumi wote, na kukazia macho matabaka ya ndani kulimficha adui mkuu. Mahmood Mamdani na wengine walimjibu, na hoja za pande hizo zilikusanywa na Yash Tandon katika kitabu kilichotolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1982.

Mfano wa Ufipa

Uwanda wa juu wa Ufipa, mkoani Rukwa, unaonyesha kwa nini swali la mkulima lilikuwa gumu. Kabla ya ukoloni Wafipa walilima ulezi kwa matuta, walifua chuma katika matanuri marefu ya udongo, na katika Bonde la Rukwa watu walifuma nguo za pamba. Watawala wa Nkansi na Lyangalile walipokea kodi kutoka kwa raia wao. Kwa hiyo, hata katika eneo lililokuwa mbali na pwani, dhana ya kuwa jamii za kale hazikuwa na tabaka lolote ilitiliwa shaka.

Chini ya ukoloni, kodi ilitakiwa kulipwa kwa fedha, lakini Ufipa ilikuwa mbali na reli na masoko. Wanaume wengi walitafuta fedha hiyo ugenini: katika machimbo ya dhahabu ya Lupa, migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo), au mashamba ya mkonge, ambako vibarua wa mkataba waliitwa manamba. Kapepwa Tambila aliandika tasnifu kuhusu historia ya Rukwa kati ya mwaka 1870 hivi na 1940. Pamoja na Rodney na Laurent Sago, aliandika pia kitabu kuhusu vibarua wa mkonge, kilichotoka mwaka 1983. Hoja inayojitokeza ni kwamba mshahara mdogo wa manamba uliwezekana kwa sababu mke na wazee waliobaki kijijini walijilisha wenyewe. Shamba la nyumbani lilionekana liko nje ya ubepari, kumbe lilikuwa linabeba sehemu ya gharama zake.

Baada ya uhuru hali ilibadilika. Katika miaka ya 1970 serikali iliweka bei moja ya mahindi kwa nchi nzima na kutoa ruzuku ya mbolea. Mkulima wa vijiji vinavyozunguka Sumbawanga alilipwa sawa na aliye karibu na Dar es Salaam, na Rukwa ikawa miongoni mwa mikoa minne mikubwa ya mahindi pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma. Hata hivyo mnunuzi rasmi alikuwa mmoja, Shirika la Usagishaji la Taifa. Mkulima alimiliki jembe lakini hakupanga bei. Soko lilipofunguliwa na ruzuku kuondolewa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, gharama za umbali zilimrudia yeye, kuanzia shambani hadi kwa wafanyabiashara wa mjini, katika kata kama Katandala.

Uhusiano na mijadala ya nje

Katika miaka hiyohiyo Robert Brenner, mwanahistoria wa Marekani, aliandika makala mbili (1976 na 1977) zilizoanzisha skuli inayoitwa Umaksi wa kisiasa, ambayo Ellen Meiksins Wood aliiendeleza. Brenner alishikilia kuwa ubepari haukuzaliwa na kukua kwa biashara. Ulizaliwa katika mashamba ya Uingereza, pale wenye ardhi na wapangaji walipolazimika kulitegemea soko ili waishi. Kwa kipimo hicho, maelezo yanayotegemea biashara ya dunia hayatoshi. Ni lazima kuuliza nani anamiliki ardhi na nani anaamuru kazi.

Ukosoaji

Goran Hyden, katika kitabu chake cha 1980, alidai kuwa wakulima wa Tanzania walikuwa bado hawajanaswa na dola wala soko, kwa kuwa waliweza kurudi kwenye kilimo cha kujikimu. Marjorie Mbilinyi alionyesha kuwa ndani ya kaya yenyewe kuna mahusiano ya kazi yasiyo sawa kati ya wanawake na wanaume. Aidha, sehemu kubwa ya mjadala iliendeshwa kwa Kiingereza, lugha ambayo wakulima wengi hawakuitumia.

Urithi

Mwaka 1991 Shivji aliteuliwa kuongoza Tume ya Rais ya kuchunguza masuala ya ardhi. Tume ilipendekeza ardhi ya kijiji iwe chini ya mkutano mkuu wa kijiji badala ya serikali kuu. Sheria za ardhi za mwaka 1999 hazikufuata pendekezo hilo kikamilifu: ardhi yote ilibaki mikononi mwa Rais kama mdhamini, na swali la nani ana kauli ya mwisho juu ya shamba la mkulima linaendelea kujadiliwa.