MGB na Cheti cha MOT: Nambari Sahihi, Uamuzi Mbaya

Wasomaji wangu, leo naweka kando mambo ya kuandika programu, ingawa mtaona sijaenda mbali nayo. Kuna dai moja ambalo wapenzi wa magari ya zamani hupenda kulirudia: ati gari la spoti la miaka ya sitini, ambalo wengi wetu tungeliita mkweche, hupita ukaguzi wa kila mwaka kwa urahisi kuliko gari la kawaida la jirani. Si porojo. Nambari zipo. Lakini hebu tuangalie nambari hizo zilitoka wapi na zikatumiwa kufanya nini.

Hapa kwetu Kenya, kwa miaka mingi ukaguzi umekuwa jambo la matatu na malori, na mwenye gari lake binafsi ameachwa aendeshe tu. Uingereza ni tofauti. Huko kuna ukaguzi uitwao MOT, jina lililotokana na herufi za Wizara ya Uchukuzi ya wakati huo. Ulianza Septemba 1960, waziri akiwa Ernest Marples, kwa magari yaliyozidi miaka kumi tu, na vilivyotazamwa ni breki, taa na usukani. Magari yaliyoanguka yalikuwa mengi kupita matarajio, na mara umri ukashushwa hadi miaka saba. Mwaka 1967 ukashushwa tena hadi mitatu. Tairi ziliingia kwenye orodha mwaka 1968.

Sasa mlete MGB. Hili ni gari dogo la spoti la watu wawili, lililoundwa mjini Abingdon kuanzia 1962 hadi Oktoba 1980. Yalitengenezwa zaidi ya 500,000, mengi yakapelekwa Marekani. Injini yake si ya ajabu na fundi yeyote wa jua kali angeielewa kwa asubuhi moja. Lakini halina chasi ya chuma iliyojitenga kama lori. Bodi yenyewe ndiyo mifupa. Katika lile lisilo na paa, nguvu nyingi hubebwa na maboksi ya bati yanayopita chini ya milango. Maboksi hayo yana tabaka kadhaa za bati, na maji yenye chumvi ya barabara za baridi yakishaingia ndani hayatoki. Kutu huanza ndani, mahali macho hayafiki. Nje rangi bado inang'aa.

Na hapa historia inanoga. Hadi 1977, ukaguzi wa MOT haukuwa na habari na hali ya bodi na mifupa ya gari. MGB la 1964 lingeweza kupata cheti kila mwaka, taa zinawaka, breki zinashika, huku mifupa yake ikiliwa kimyakimya. Sheria ilipobadilika, mkaguzi akaanza kugonga bati kwa kifaa chake kidogo na kusikiliza. Ikiwa kuna kutu mbaya ndani ya sentimita 30 kutoka mahali pa kufungia mkanda au pa kushikilia springi, gari limeanguka. Filla na rangi juu yake si dawa: lazima bati jipya lichomelewe, na mshono uwe mfululizo. Kwa mwenye gari la bei ya chini, kuchomelea kuligharimu kuliko gari lenyewe, na mengi yaliishia kwenye vyuma chakavu. Mwaka 1988 kampuni ya British Motor Heritage ilianza hata kuunda bodi mpya kabisa za MGB, miaka minane baada ya gari lenyewe kuacha kutengenezwa. Hebu fikiria uhitaji uliokuwepo wa bati lisilo na kutu!

Kwa hiyo MGB tunazoziona kwenye takwimu za karne hii zimeshachujwa. Mabovu yalikwisha kufa. Yaliyobaki yanalala gerejini, yanatolewa Jumapili jua likiwaka, na wenyewe hutia grisi kwenye pini za usukani kila maili 3,000 kama kitabu kinavyoagiza. Wengi hulipeleka kwa fundi kwanza, ndipo waende kwa mkaguzi. Ukipima gari la namna hiyo, umempima mwenyewe zaidi ya chuma.

Kumbukumbu za MOT ziliingizwa kwenye kompyuta kuanzia 2005, na tangu 2010 serikali imekuwa ikizitoa hadharani, mamilioni ya safu, yeyote apakue. Sisi watu wa data tunazipenda sana, lakini zina mitego. Matokeo hayaandikwi "amepita" na "ameanguka" tu. Kuna pia PRS: gari lilianguka, likarekebishwa palepale ndani ya saa moja, likapewa cheti. Je, hilo umlihesabu wapi? Ukichanganya ukaguzi wa kwanza na wa marudio, kiwango cha kupita kinapanda bila gari lolote kuwa zima zaidi. Halafu magari mawili yenye jina moja hayafanyi mtihani mmoja. MGB la kabla ya Agosti 1975 hutazamwa moshi kwa macho tu. La baada ya hapo huwekewa mtambo, na hewa ya kaboni monoksidi isizidi 4.5%. La kabla ya 1965 halidaiwi hata mkanda. Anayelinganisha bila kutenganisha haya anapika chungu kimoja cha maharagwe na mawe.

Turudi kwenye uamuzi. Wizara ilipotaka kuyaondolea ukaguzi magari ya kabla ya 1960, ilitoa hoja hizi: mwaka 2009 yaliyoanguka katika kundi hilo hayakufika 10%, wakati magari ya baadaye yaliyoanguka mara ya kwanza yalizidi 30%. Tena, yakiwa 0.6% ya magari yote, yalihusika katika 0.03% tu ya ajali na majeruhi. Msamaha ukaanza Novemba 2012. Tarehe 20 Mei 2018 ukapanuliwa: gari lolote lililozidi miaka 40, mradi halijabadilishwa sana, haliendi tena kukaguliwa kwa lazima. MGB za mwisho zilivuka miaka 40 mwanzoni mwa muongo huu. Yaani sasa zote ziko nje.

Hoja ya ajali naiheshimu, kwani gari linalotembea maili mia chache kwa mwaka halina nafasi ya kugonga watu wengi. Ila hoja ya kwanza inanikera. Ni sawa na programa anayefuta majaribio yote ya programu yake kwa sababu yote yanapita. Yanapita kwa kuwa yapo! Mwenye MGB alichomelea yale maboksi kwa kuwa alijua mwezi fulani kuna mtu atalala chini ya gari lake na kugonga. Breki ya mkono nayo ilikuwa inarekebishwa kwa sababu hiyo hiyo, maana gari la zamani lenye mkondo mmoja wa breki hudaiwa 25% kwenye breki ya mkono, si 16% kama magari ya mikondo miwili.

Sheria bado inamtaka mwenye gari alitunze. Akiendesha la hatari anaweza kutozwa faini hadi pauni 2,500. Sawa, lakini kutu ya ndani ya boksi haimwonyeshi mwenye gari barua ya faini.

Na data je? Mwenye gari aliyesamehewa anaweza bado kulipeleka kwa hiari, na wapo wanaofanya hivyo. Ni akina nani? Ni wale wale wa grisi kila maili 3,000. Wazembe wameacha kwenda, kwa hiyo kwenye faili hawapo. Ukipakua takwimu za magari haya baada ya 2018 ukaona kiwango cha kupita kimepanda, kabla hujachora grafu, hesabu kwanza safu ngapi zimepotea.