Vitabu vya Mwalimu na Krismasi ya Isimani

Februari 5, 2027 Azimio la Arusha linatimiza miaka 60. Hotuba hazitakosekana siku hiyo, na jina la Mwalimu Julius Nyerere litatajwa kila mahali. Kwa watu wa Jimbo la Isimani, linalokusanya tarafa za Isimani, Pawaga na Idodi mkoani Iringa, kumbukumbu hii ina uzito wa peke yake. Ni katika jimbo hili ambako mafundisho ya Mwalimu juu ya utu, ardhi na kazi yalikutana na mtutu wa bunduki.

Anayetoka Idodi kwenda Iringa mjini hupita Kalenga, kwenye makumbusho yenye fuvu la Mtwa Mkwawa lililorejeshwa mwaka 1954. Kisa cha Mkwawa kila mtoto wa Kihehe anakijua. Kisa cha Isimani cha mwaka 1971 kinasimuliwa kwa kusitasita, na maandishi ya Mwalimu yaliyokitangulia yana wasomaji wachache mno.

Nyerere alikuwa mwanafalsafa kabla hajawa mtawala. Ndivyo wanavyomwona Saida Yahya-Othman, Ng'wanza Kamata na Issa Shivji, waandishi wa wasifu wake wa juzuu tatu uliotoka mwaka 2020. Juzuu la kwanza linaeleza jinsi alivyokua hadi kuwa mwanafalsafa mtawala. La tatu linachambua mapinduzi aliyoyatangaza bila kuwa na wanamapinduzi wa kuyabeba. Makala haya yanafuata njia yao.

Alizaliwa Butiama mwaka 1922, akabatizwa mwaka 1943, akasoma Makerere kisha Edinburgh. Akiwa Makerere alimsoma John Stuart Mill, akaandika insha ya kutetea uhuru wa wanawake wa kabila lake mwenyewe. Kijitabu chake cha Aprili 1962 kilisema ujamaa ni suala la moyo na fikra kabla ya kuwa suala la mali: tajiri anaweza kuwa na moyo wa ujamaa, na maskini anaweza kuwa na moyo wa kibepari. Desemba mwaka huohuo, nchi ilipokuwa jamhuri, aliunda wizara ya utamaduni na kusikitika kwamba vijana walijua kucheza rumba na chachacha huku wengi wao hawajawahi hata kusikia gombe sugu au lele mama. Akatafsiri Shakespeare: Julius Caezar mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969.

Kuhusu dini alikuwa na msimamo usioyumba. Mwaka 1968 aliandika kwamba ujamaa hauna dini, wala haumtaki mtu aache imani yake. Oktoba 1970, akizungumza na masista wa Maryknoll huko New York, alisema kwamba ikiwa mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu, basi yeye hawezi kukubali picha ya Mungu maskini, mjinga na aliyekandamizwa. Alilitaka Kanisa lishiriki kuuvunja mfumo unaowafunga watu katika umaskini. Mkristo au Mwislamu wa Iringa akiisoma hotuba hiyo leo bado atahisi inamgusa.

Kiini cha maadili hayo kwa mkulima kimo katika waraka wa Septemba 1967, Ujamaa Vijijini. Humo Mwalimu alisisitiza jambo moja ambalo watekelezaji wake walilipuuza kwa gharama kubwa: kijiji cha ujamaa hakijengwi kwa amri. Watu wanaingia kwa hiari, wanaamua mambo yao wenyewe, na kiongozi anawashawishi kwa hoja na kwa mfano wake. Kielelezo kilikuwepo hukohuko Nyanda za Juu Kusini. Litowa na vijiji vingine vya Chama cha Maendeleo cha Ruvuma vilikuwa vikiishi hivyo kwa miaka kadhaa, vikiwa na shule yao na mikutano yao ya maamuzi. Septemba 1969 chama tawala, TANU, kilikivunja chama hicho.

Miaka miwili baadaye likaja tukio la Isimani.

Isimani, upande wa barabara ya Iringa kwenda Dodoma, ilikuwa ghala la mahindi. Tangu miaka ya 1950 wakulima walifyeka pori, wakaleta matrekta, na baadhi yao wakajikusanyia mashamba makubwa. Mtafiti Adhu Awiti, aliyeichunguza Isimani wakati huo, alionyesha jinsi ardhi ilivyoangukia mikononi mwa wachache huku wengine wakibaki vibarua. Kwa macho ya Azimio, huo ulikuwa unyonyaji. Kwa macho ya aliyekata miti mwenyewe, hayo yalikuwa matunda ya jasho lake. Pande zote mbili zilikuwa na hoja ya kimaadili, na hoja hizo zilistahili kukaliwa kitako.

Mkuu wa mkoa alikuwa Dk. Wilbert Klerruu, msomi wa shahada ya uzamivu na mwana-TANU aliyeamini alichokihubiri. Alitaka Iringa iwe mbele katika ujamaa, na hakuwa mtu wa kungoja. Jumamosi ya Desemba 25, 1971, sikukuu ya Krismasi, aliendesha gari mwenyewe hadi Mkungugu, Isimani, akamkuta mkulima Said Abdallah Mwamwindi shambani kwake. Wakazozana. Mwamwindi akachukua bunduki, akampiga risasi na kumuua. Kisha akaupakia mwili kwenye gari la mkuu wa mkoa, akaliendesha hadi kituo cha polisi Iringa na kujisalimisha.

Kesi ilisikilizwa Iringa mwaka 1972 mbele ya Jaji Onyiuke, Mnigeria aliyekuwa akitumikia Mahakama Kuu ya Tanzania. Utetezi ulidai mshitakiwa alitukanwa na kuchokozwa hadi akapoteza uwezo wa kujizuia. Jaji hakukubali, akamtia hatiani kwa mauaji na kumhukumu kunyongwa. Kisheria jambo likaisha. Kimaadili halikuisha, maana kile kilicholeta ugomvi, yaani nani ana haki ya kumwamulia mkulima namna ya kulima, mahakama haikuombwa ikiamue.

Damu ya Klerruu ni hasara isiyo na udhuru. Alikufa akiwa kazini, na hakuna tusi linalohalalisha kifo chake. Hata hivyo, kumtukuza yeye tu au kumgeuza Mwamwindi shujaa, kama wanavyofanya baadhi ya watu wakiwa peke yao, ni kuyakwepa maandishi ya Mwalimu. Waraka wa 1967 ulikwisha kuonya juu ya njia ya mkato.

Onyo hilo halikusikilizwa, na safari hii hata na mwandishi wake. Novemba 1973 Nyerere mwenyewe alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na ifikapo mwisho wa 1976 kila mtu awe amehamia. Idodi, kama tarafa nyingine za nchi, ikaingia katika Operesheni Vijiji. Mwanafalsafa wa hiari alikuwa ameshindwa na mtawala mwenye haraka, na mgongano huo ndani ya mtu mmoja ndio unaofanya maandishi yake yastahili kusomwa kwa makini kuliko yale ya kiongozi asiyewahi kukosea.

Baada ya kung'atuka aliendelea kuandika. Kitabu chake Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania kilitoka miaka ya 1990, na mwaka 1996 Wabenediktini wa Ndanda na Peramiho walichapa tenzi zake za Biblia. Alifariki mwaka 1999. Tangu 2005 Jimbo Katoliki la Musoma limekuwa likishughulikia mchakato wa kumtangaza mtakatifu.

Iringa ina Chuo cha Ualimu Kleruu, kilichobeba jina la mkuu wa mkoa aliyeuawa. Walimu wanaotoka hapo wangefika Idodi Sekondari na shule za Pawaga wakiwa wamesoma Ujamaa Vijijini mwanzo hadi mwisho, sambamba na hukumu ya Jaji Onyiuke, wangekuwa na somo la uraia lenye nyama. Wasifu wa juzuu tatu umeandikwa kwa Kiingereza, lugha ambayo mkulima wa Mkungugu haisomi. Kabla ya Februari 2027, tafsiri ya sura zinazohusu vijiji ingekuwa heshima ya kweli kwa Mwalimu, na ingewapa wazee wa Isimani walio hai nafasi ya kujibu yaliyoandikwa juu yao.